Kipande Kisichorukwa

Naapa haya ni kweli tupu. Chumvi sijatia hata punje. Basini, mbele yangu, binti wa mbio ndefu za baiskeli alikuwa amepakata gurudumu jipya. “Nashukia darajani,” alimwambia mama jirani yake. “La zamani lilivunjikia pale, baiskeli nikaiacha palepale, na kanuni ni kuanzia ulipoishia.”

“Mwanangu, umekonda hivyo, na basi hili linafika hadi mwisho wa mbio. Nani atajua?”

“Nchi nzima nimeikata kwa pedali, mama. Kipande hiki sikiruki.”

Nikadakia kwamba ujanani niliimaliza barabara hii kwa baiskeli bila kulala.

“Kumbe,” binti akanigeukia. “Babu, ule mlima baada ya daraja unaujua?”

“Nje ndani. Ulinitoa jasho.”

“Pale ni tambarare, babu.”

Basi zima likacheka, kisha likasimama darajani. Mama akiwa bado anamsihi binti abaki, nilishuka na huyo binti, gurudumu likiwa begani mwangu.