Fomu ya Dawa Mpya

Ndani ya basi la hospitali, mama mmoja aliniomba kalamu. Mapajani alikuwa na fomu ya kukubali mwanawe apewe dawa ya majaribio ya fangasi ya mapafu, maana dawa za zamani zote zilikuwa zimeshindwa.

“Na mimi nilijua fangasi ni ya vidole vya miguu,” alimwambia jirani yake wa kiti, fundi wa maabara wa hospitali hiyo. “Ya mapafu haina mchezo, dada. Mimi ndiye ninayeiotesha kwenye visahani vya maabara ili tuichunguze.” “Badala ya kuiotesha, si muiue!” “Seli zake zinafanana mno na zetu. Ukiishambulia ovyo, unamuumiza na mgonjwa.”

Mimi, ninayejigamba kumjibu yeyote kwa beti, niliishia kuitazama kalamu yangu mkononi mwa mama.

“Wangapi wameshapewa hii?” mama aliuliza. “Kumi na mmoja.” “Waliorudi nyumbani?” “Saba.” “Angekuwa mwanao, kaka, ungetia sahihi?” Fundi aliitazama beji yake kana kwamba jibu limeandikwa pale.

Basi likasimama langoni. Mama akashuka mbio na kalamu yangu, fomu bado haina sahihi, nami sikuthubutu kumwita.