Shimo la Jengkol la Mpok Saanih

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Sogezeni redio karibu na jiko, maana leo tunamkumbuka mtu wa jikoni. Na mnamjua bibi yenu, mdomo wangu haufunguki bila kutega. Kitendawili! Haya. Nawazika wakiwa hai, nawafukua wameota mikia. Ni nini?

Wa huku kwetu mmeshacheka. Ni jengkol, zile mbegu kubwa za mti zenye harufu kali. Tunazifukia ardhini siku kumi na nne mpaka zichipue, ndipo tunazipika. Na hakuna aliyezifukia vizuri kama huyu tunayemlilia leo.

Mpok Saanih binti Sarmili amefariki dunia. Alifariki Jumanne asubuhi, nyumbani kwake hapa Rawa Jambe, akiwa na miaka sabini na minane. Narudia kwa waliochelewa kufungua redio. Mpok Saanih, dada yetu, mpishi wa karamu, amefariki Jumanne. Ameacha mume, Bang Naim, yaani Kaka Naim, na binti mmoja, Rodiah.

Jengkol tunaipenda, na tunaionea haya. Ukila leo, choo kinakutangaza kesho kwa majirani. Hilo ni la kuchekesha. Lisilochekesha ni kwamba jengkol mbichi, ile isiyofukiwa, hata ikipikwa, inaweza kumfunga mtu mkojo. Huyu atakula sahani tatu alale vizuri, yule atakula moja ajikunje kama kamba wa baharini. Huwezi kujua itamshika nani. Ndiyo maana ya shimo. Jengkol iliyochipua imekwisha ukali wake. Mpaka kisa nitakachowasimulia, Mpok Saanih alikuwa amepika karamu miaka kumi na saba, na hakuna aliyewahi kuugua. Hata mmoja.

Lakini marehemu alikuwa mtu wa kushuku, jamani. Tuseme kweli. Mfuko wa muuza jengkol alikuwa akiupindua wote mkekani, kisha anamtazama muuzaji usoni kuliko anavyozitazama jengkol. Chumvi aliyoitia mwenyewe aliionja mara tano, asije mtu akawa ameongeza. Binti yake Rodiah, aliyemwita mama yake Nyak, aliniambia, "Sufuria nikiosha, Nyak anainusa. Akimaliza kuinusa sufuria, ananinusa na mimi mikono."

Sasa sikilizeni yaliyompata mwaka themanini na nane.

Ilikuwa harusi kubwa. Mpok Saanih alikwenda kukaa kwa kina bibi harusi siku tatu nzima, akisaga viungo. Karafuu, kungumanga, khulinjani, na pilipili nyekundu ndoo kwa ndoo. Kazi ya shimo alimwachia mumewe. Bang Naim azifukue, azimenye, azichemshe maji ya kwanza, alete. Na Bang Naim akaleta. Vikapu viwili, safi, zimelainika, rangi moja. Mpok Saanih akainamia kunusa, lakini pua yake ilikuwa imejaa pilipili ya siku tatu. Akasema, "Weka hapo." Mtu aliyemshuku kila kiumbe, siku hiyo hakumuuliza mumewe hata neno.

Akazichemsha maji mengine mawili. Akazitwanga bapa moja moja. Akazipika kwa sosi tamu nyeusi mpaka mchuzi ukashika kijiko. Adhuhuri alipokwenda kuswali, mwiko alimwachia msaidizi wake, Mpok Enur. Kumbukeni jina hilo. Mpok Enur, jirani, naye mpishi, naye ana mdomo.

Watu wakala, wakajilamba. Mjomba wa bwana harusi, Haji Mursalin, alikula sahani tatu.

Asubuhi yake Haji Mursalin alibebwa kupelekwa zahanati, amejikunja, jasho linamtiririka, mkojo umemgomea. Daktari akamwekea mpira wa mkojo. Alipona, tunamshukuru Mungu. Lakini kabla hajarudi nyumbani, maneno yalikwisha kuzunguka Rawa Jambe yote. Saanih kapika jengkol mbichi. Saanih kachoka. Saanih nusura aue mtu. Karamu tatu zilizokuwa zimemwalika zikatuma watu kusema, samahani, tumepata mpishi mwingine.

Karamu ndizo zilizokuwa maisha yake, wasikilizaji. Bila karamu, Mpok Saanih alikuwa mwanamke mwenye sufuria kubwa tu.

Akakaa kizingitini akafikiri. Jengkol zangu zilizikwa siku kumi na nne. Maji yalibadilishwa mara tatu. Basi kuna mkono ulioingia sufuriani. Na mkono gani ulishika mwiko nilipokuwa kwenye mkeka wa sala? Wa Enur.

Tangu siku hiyo alimfuata Enur kwa macho kama paka. Enur akienda sokoni, naye sokoni. Enur akimwaga takataka, Saanih anapita na ufagio, anachokonoa. Alikwenda hata kwa Haji Mursalin kumhoji mgonjwa kitandani.

"Haji, ulikula kwa nani mwingine?"

"Kwako tu, Mpok."

"Na Enur hakukupa kitu pembeni?"

"Alinipa maji."

"Maji ya rangi gani?"

"Mpok Saanih, niache nikojoe kwa amani!"

Siku moja, kwenye toroli la muuza mboga, kina mama wote wapo, akashindwa kujizuia. Akasema kwa sauti, "Wengine hawapati karamu mpaka wamharibie mwenzao sufuria."

Enur alikuwa ameshika fungu la kangkung, ile mboga ya majini. Akaliweka chini polepole. "Unanisema mimi?"

"Nimetaja jina?"

"Mpok, pua yako ndefu lakini inanusa nje tu. Hebu inuse kwako kwanza!"

Kina mama wakacheka. Lakini lile tope lilimganda Enur. Kuanzia hapo naye hakuitwa popote. Watu wakasema, usiwakaribishe wawili hao, mmoja wao anatia sumu, na hatujui ni yupi.

Sasa neno la Enur likamwingia Saanih kama mwiba. Anuse kwake? Kuna nini kwake?

Akaanza kutazama. Na mtu wa kushuku akianza kutazama, haoni kidogo. Aliona kwamba Bang Naim halali mchana siku hizi. Aliona kwamba wakila, anatazama sahani. Aliona kwamba pale lilipokuwa shimo la jengkol pamepandwa muhogo. Nani kapanda? Naim. Naim ambaye hajawahi kupanda hata kitunguu! Akamwambia, "Nataka kuchimba shimo langu pale pale." Naim akaruka. "Pale hapana! Nitakuchimbia jipya kule kwenye mgomba. Mgongo wako huo."

Miaka ishirini ya ndoa, hajawahi kuuliza habari za mgongo wake.

Naim alipokwenda msikitini Ijumaa, Saanih alichukua jembe. Aling'oa mche wa kwanza. Akang'oa wa pili. Chini ya ule wa tatu ikapanda harufu, wasikilizaji, ambayo hata mimi nikiisimulia naziba pua. Jengkol zilizooza, nyeusi, zinateleza kama konokono. Shimo lilikuwa limeingia maji. Na juu ya zilizooza kulikuwa na lundo la maganda. Akaokota ganda moja, akaligeuza. Ganda la jengkol iliyochipua hupasuka lenyewe kwenye ncha, pale mche unapotokea. Hili halikupasuka. Hili lilikatwa kwa kisu. Akaokota lingine. Kisu. Na lingine. Kisu.

Jengkol mbichi. Kutoka sokoni. Zimemenywa hapa hapa nyuma ya nyumba yake.

Bang Naim aliporudi, kofia yake bado kichwani, alimkuta mkewe ameketi kwenye udongo na maganda mapajani.

"Bati," Saanih alisema. "Nilikuambia ufunike shimo kwa bati."

"Nilisahau. Mvua ikanyesha siku mbili. Robo tatu zilikuwa nzima. Robo moja tu imeoza."

"Ukajazia mbichi."

"Nikajazia."

"Kwa nini hukuniambia, Bang? Ningepika pungufu. Ningepika mayai!"

Naim alivua kofia akaikunja. "Nilikuogopa."

"Mwanamume mzima, unaniogopa mimi?"

"Saanih, hapa kijijini nani hakuogopi?"

Rodiah, aliyekuwa dirishani siku hiyo, anasema mama yake aliyarudisha maganda shimoni moja moja, akayafukia. 

Sasa fikirini alipokuwa amesimama. Akisema ukweli, jina lake linasafika siku hiyo hiyo, na karamu zinarudi. Lakini mumewe atakuwa kichekesho cha Rawa Jambe mpaka anakufa. Naim wa jengkol mbichi! Watoto watamwimbia njiani. Akinyamaza, Enur anabaki na tope ambalo si lake. Alikaa na neno hilo moyoni siku sita.

Siku ya saba palikuwa na kisomo kwa jirani, watu wamejaa barazani, Haji Mursalin mwenyewe ndiye anayeongoza dua. Dua ilipokwisha, Mpok Saanih alisimama upande wa wanawake. Akasema, "Shimo langu liliingia maji. Nikajazia jengkol mbichi nikanyamaza. Kosa ni langu. Enur hakugusa ila mwiko. Enur, mdogo wangu, nimekusingizia mbele za watu, na nakuomba radhi mbele za watu."

Upande wa wanaume Bang Naim alikuwa amekaa. Aliinua kichwa. Mkewe akamtazama mara moja tu, na Naim akakiinamisha tena.

Miaka sita Mpok Saanih hakupika karamu. Miaka sita. Aliuza mboga za kuchemsha mlangoni, na watu walipita wakicheka, naye akawahudumia. Aliyemrudisha ni Enur. Alikuja na ungo wa jengkol, akautua kizingitini. "Namwoza binti yangu. Njoo upike. Watu wakiugua, tutaugua sote."

"Huniogopi?"

"Nakuogopa sana. Ndiyo maana nimezileta siku kumi na nne kabla ya harusi, uzifukie na kuziangalia mwenyewe."

Akapika. Hakuna aliyeugua. Na akapika tena miaka mingi mpaka magoti yakamkataa.

Wasikilizaji wapendwa, mtaniuliza, bibi, haya umeyajuaje, ikiwa yeye aliuficha ukweli barazani? Hata Rodiah alinyamaza miaka yote, mpaka baba yake alipompa ruhusa. Juzi nilikwenda kutoa pole. Bang Naim, miaka themanini na mitatu, alinishika mkono hakuuachia. Nilimtazama kwa jicho la pembeni, nikaona huyu mzee ana kitu. Akaniambia, "Una redio wewe. Nilimsubiri afe kwanza, kwa sababu alinikataza. Alisema nikifungua mdomo hatanipikia tena. Sasa hanipikii tena. Basi waambie. Zile jengkol zilikuwa zangu. Waambie kwa jina langu kamili."

Basi nawaambia. Naim bin Kisan, wa Rawa Jambe. Jengkol mbichi za mwaka themanini na nane zilikuwa zake. Mpok Saanih hakuwahi kupika jengkol mbichi kwa kujua, hata siku moja, maisha yake yote.

Kwa Bang Naim, kwa Rodiah na wajukuu, kwa Mpok Enur ambaye amekaa pale na familia tangu Jumanne hajaenda kwake, poleni sana. Mungu ampokee marehemu, amsamehe, amlaze pema.

Na wewe unayenisikiliza, kabla hujazima redio. Yupo mtu ndani ya nyumba yako ana neno la kukuambia, na anakuogopa. Usiende kumhoji. Keti naye tu, umwachie nafasi aseme.