Tupunguze Wanga Nyumbani

Kwenye basi la mwendokasi kutoka Gerezani, mama aliyepakata trei ya mayai alikuwa akimlalamikia bibi wa baibui aliyekaa naye. Mimi nilikuwa nyuma yao, nikitafuna andazi na kujifanya sisikii.

“Mume wangu ana kifafa, bibi, na siku hizi anasahau hata majina ya watoto. Daktari kasema tujaribu kumlisha mafuta zaidi, tupunguze wanga nyumbani. Mama mkwe kusikia wanga, kafunga virago karudi Marangu. Eti namwita mchawi!”

“Si ungemwambia wanga ni chakula, mwanangu?”

“Nilimwambia ni ndizi na ugali. Akasema huo ndio uchawi wenyewe, kumnyima Mchaga ndizi!”

“Na kumbukumbu, inarudi?”

“Jana kaniita Theopista, jina langu kabisa. Kabla ya hapo nilishakuwa ‘wewe’ tu. Sijui ni mayai, sijui ni bahati.”

“Au ni mama mkwe kuondoka,” bibi akasema.

Hapo wakaanza kubishana kweli. Nikatikisa kichwa, nikiwasikitikia watu wenye ubongo wa kusahau. Basi likasimama Magomeni, nikashuka nikilamba vidole.

Mimi nakaa Upanga, na kituo cha huko tulishakipita.