Dada Mnara na Ripoti Niliyoikana

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba, Dada Mnara anastaafu baada ya kuitumikia kampuni yetu ya simu kwa miaka ishirini na tisa na miezi minne. Jina lake kamili limo kwenye cheti atakachokabidhiwa. Sisi wengine, kuanzia mapokezi hadi chumba cha mitambo, tumezoea kumwita hivyo, naye huitika.

Alipoajiriwa tulikuwa na minara tisa, na mtandao ulibeba sauti tu, tena ya kukatikakatika. Alikuwa mwanamke wa kwanza hapa kuvaa mkanda wa kupandia. Kikaja kizazi cha pili cha mtandao, watu wakaanza kutumiana ujumbe. Cha tatu, wakafungua intaneti mkononi. Cha nne, wakawa wanaonana sura wakiongea. Na sasa cha tano, ambacho kitengo changu kinakisifia hata kabla hakijafika mitaani kwetu. Kila mara alishusha antena za zamani na kupandisha mpya. Husema mgongo wake unavitofautisha vizazi kwa uzito wa vifaa.

Wakazi wa mtaa mmoja walipoingiwa na hofu kwamba mnara unawaumiza vichwa, hakubishana nao. Alikwenda kula chakula chake cha mchana chini ya mnara ule kila siku kwa wiki mbili, miguu ameinyoosha, mpaka wakaanza kumletea kiti. Tena akishuka kutoka juu haongei na mtu hadi amalize karanga zake ndani ya gari. Siku moja nilimwuliza kwa nini. Alisema hajawahi kuzoea urefu. Alichozoea ni kutouonyesha woga.

Ningeweza kuendelea hivi hadi mwisho wa ukurasa. Niliombwa kuandika kwa kuwa nimefanya naye kazi miaka kumi na minane, mimi nikipanga mtandao kwenye kompyuta, yeye akiujenga. Lakini kuna jambo moja nikiliruka, wasifu huu utakuwa uongo.

Miaka sita iliyopita tuliamua kuzima mitambo ya zamani kwenye mnara wa kilimani ili masafa yake ya redio yatumike kwa kizazi cha nne. Ramani niliichora mimi, na ilionyesha eneo lote lina mawimbi. Dada Mnara hakuiamini. Alizunguka nyuma ya kilima kwa miguu siku mbili, simu mkononi, akaniandikia kwa mkono ripoti ya kurasa tatu, nakala moja tu: mawimbi ya antena mpya yanagonga kilima na kuishia hapo, nyumba arobaini na tatu na zahanati moja zitabaki bila simu kabisa. Aliomba tusizime mpaka uwekwe mnara mdogo upande wa pili.

Ripoti ile niliisoma. Zilikuwa zimebaki siku tatu kabla ya uzinduzi wa mtandao mpya, wageni walikwishaalikwa, na mimi ndiye niliyemhakikishia mkurugenzi kwamba kila kitu kiko tayari. Niliiweka kwenye droo, tukazima.

Siku ya tano, mama mjamzito alizidiwa pale zahanati. Muuguzi alipiga simu ya gari la wagonjwa mara nyingi, haikutoka. Mume wa yule mama alikimbia kukizunguka kilima hadi alipopata mawimbi. Mtoto alizaliwa kando ya barabara, ndani ya gari la kubebea mchanga, ndilo lililopatikana kwanza. Mama na mtoto walipona, nasi tulijipongeza kwa hilo kana kwamba tulichangia.

Kamati ya uchunguzi ilipoundwa, niliulizwa kama mafundi walitoa tahadhari yoyote. Nilijibu kwamba sikupokea kitu. Jioni ile Dada Mnara alikuja ofisini kwangu, akasimama mlangoni.

"Ripoti yangu uliisoma?"

"Haikunifikia, dada."

Aliitazama droo, akanitazama mimi. "Haya," akasema, akaondoka.

Alipewa barua ya onyo kwa kutotoa tahadhari. Jina lake likafutwa kwenye orodha ya watakaoongoza kazi ya kizazi cha tano, akapelekwa stoo ya betri miezi kumi na minne. Mimi nilipandishwa cheo. Utaratibu tunaojivunia leo, kwamba mtandao wa zamani hauzimwi popote kabla mtu hajalipima eneo kwa miguu, ulitoka katika ukurasa wa tatu wa ripoti yake. Nimeusaini mimi. Miaka sita tumesalimiana kwenye ngazi, na kila mara ni mimi niliyeinamisha macho.

Wiki iliyopita niliipeleka ripoti ile kwa mkurugenzi, pamoja na maelezo yangu. Barua ya onyo imeondolewa kwenye faili lake. Adhabu yangu itajulikana mwezi ujao. Kisha nilimpelekea Dada Mnara rasimu hii, nikamwambia akitaka niifute sehemu hii nitaifuta, kwa kuwa sherehe ni yake. Aliisoma yote amesimama.

"Usifute," alisema. "Sijakusamehe, mhandisi, na sijui kama nitakusamehe. Ila isome mwenyewe, usimpe mshereheshaji. Na umwalike yule muuguzi."

Muuguzi amekubali kuja. Atakaa mstari wa mbele, nami nitasoma maneno haya nikimtazama.

Dada Mnara, watu wanaoongea na ndugu zao leo bila kujua nani alipanda juu kwa ajili yao ni wengi kuliko tunavyoweza kuhesabu. Kwa niaba yao tunakushukuru. Tunakuombea afya, mgongo uliopumzika, na asubuhi nyingi za kukaa chini ukiwa huna wa kumficha woga. Kwa niaba yangu mwenyewe sina cha kuomba. Ulisema kweli, na mimi nilikuwa nayo mkononi.