Binti Yangu Hajui Kuomba

Mheshimiwa Rais wa Baraza la Mkoa wetu wa Sardinia, Mheshimiwa Meya, Baba Paroko, waheshimiwa wajumbe mliopanda milima kutoka Cagliari na viatu vyenu vya mjini, ndugu wageni waalikwa, na ninyi wafugaji wa Orvidai, ambao leo mmenyoa ndevu mpaka nashindwa kuwatambua: hamjambo?

Mimi ni Barbarina Loddo, mjane wa Bachis Crobeddu. Shule niliishia darasa la tano. Lakini huyu mnayemuaga leo, Mheshimiwa Gavina Crobeddu, aliyekaa barazani miaka ishirini na mitano, mara tano mfululizo mkimchagua, nimemzaa mimi. Niseme taratibu, wa nyuma wasikie: nimemzaa mimi.

Wasemaji waliotangulia wamezitaja barabara, zahanati na sheria ya maji ya chemchemi. Wamesema kweli, ingawa wamefupisha. Mimi nitasema juu ya sheria moja tu, kwa sababu ile niliiona ikizaliwa mezani kwangu, kati ya jibini na mkate.

Gavina alikuwa na miaka kumi na mmoja moto ulipoteremka mlimani na kuteketeza kondoo wetu wote. Wote! Bachis wangu alikaa zizini siku tatu, kofia machoni. Hakwenda kilabuni, hakwenda kwa Meya, hakumwambia mtu neno. Siku ya nne asubuhi tukasikia kengele. Watu walikuwa wanapanda njia, kila mmoja na kondoo jike mmoja, kama tunavyofanya hapa tangu enzi za mababu, na tunaita paradura. Mbele alikuwa Mzee Zuanne Mele, ambaye na mume wangu walikuwa hawasalimiani kwa sababu ya ukuta wa mpakani. Ameshika kondoo mwenye sikio jeusi. Gavina akakimbia langoni, akaanza, "Asante, mzee, asan—"

"Nyamaza, binti," Mzee Zuanne akamkata. "Hapa hatusemi asante. Fungua lango tu."

Akafungua. Mnakumbuka, ninyi mliokuwepo? Mimi kengele zile bado nazisikia.

Basi, alipokuwa mkubwa na kuingia barazani, akatunga sheria: mfugaji akiunguliwa na mifugo, mkoa umpe mingine. Nikatembea kijiji kizima nikitamba, mnanijua. Mwaka uliofuata moto ukaja. Familia thelathini na moja ziliunguliwa. Mnajua ni wangapi waliojaza fomu? Hakuna hata mmoja! Barazani wakacheka. Mheshimiwa Efis Mele, mtoto wa Mzee Zuanne, wa chama kile kingine (yule pale, usijifiche, Efis, nilikuwa nakufuta kamasi), akasimama na kusema, "Mheshimiwa Crobeddu ametuletea mkate, na wenye njaa hawautaki." Ikapangwa Alhamisi sheria ifutwe.

Jumapili Gavina akaja nyumbani, uso umemvimba kwa kulia.

"Mama, watu wenu hawa wana vichwa vigumu! Karatasi moja! Jina na sahihi!"

"Ilete niione."

Nikavaa miwani. Juu kabisa imeandikwa kwa herufi kubwa: OMBI LA MSAADA.

"Baba yako alisaini wapi?" nikamuuliza.

"Alisaini nini?"

"Hao kondoo. Aliomba wapi?"

Akauweka mkate mezani. Kisha akasema polepole, "Hakuomba. Walikuja wenyewe."

"Ehe. Wewe umesoma sana, mwanangu, lakini umetunga sheria ya watu wanaojua kuomba. Hao wanaishi wapi?"

Hakumaliza hata kula. Alichukua mfuko wangu wa unga akaandika juu yake: aliyeunguliwa hatajaza kitu, majirani watatu ndio watakaokwenda kutoa habari zake. Alhamisi kura zilifungana mpaka akabaki mtu mmoja, na huyo mmoja ni Efis. Akanyoosha mkono kumuunga mkono Gavina! Wenzake wakamzomea. Akawajibu, "Baba yangu alipeleka kondoo kwa Crobeddu. Nikikataa, nitaingiaje nyumbani?"

Ndugu zangu, hiyo ndiyo sheria mliyoipigia makofi leo. Mfuko wa unga ninao, anayebisha aje auone.

Sasa nina neno na binti yangu. Gavina, wiki iliyopita nilikuuliza utarudi lini nyumbani. Ukasema, "Nirudi kufanya nini, Mama? Tangu baba afe zizi ni tupu." Ukasema utabaki Cagliari, kwenye ghorofa lako lenye kiti kimoja cha kibarazani. Nina miaka themanini na mbili na sijakuomba kitu. Hata mimi sijui kuomba, umerithi kwangu. Nilichofanya ni kusema tu, kwa mwoka mikate, kwamba zizi la Bachis lina majani mpaka kiunoni. Kuzungumza habari za majani si kuomba!

Waheshimiwa, mtaniwia radhi kama tangu nianze mmesikia kelele nyuma ya ukumbi. Zile ni kengele. Kondoo walikuwa ishirini na sita nilipoingia humu, na watu walikuwa bado wanapanda. Mmoja ana sikio jeusi, na aliyemleta, yule niliyekuwa namfuta kamasi, sasa hivi anajifanya anatazama dari.

Usilie, mwanangu, wageni wanaangalia. Na usifungue mdomo kusema lile neno. Neno hilo nalisema mimi, na nalisema kwa ajili ya masikio yenu tu, mlionivumilia bibi kizee na maneno yake mengi: asanteni sana kwa kunisikiliza.

Wewe, Gavina, nenda kafungue lango tu.