Michungwa ya Tajiri na Ushuru wa Kanada

Mbele ya banda la kufungashia zabibu kavu, hapa Norrabin kando ya Mto Murray, kuna ubao mrefu uliolazwa juu ya masanduku mawili, na juu ya ubao huo yameamuliwa mambo mengi ambayo serikali haijapata habari zake. Majira ya baridi, kazi inapopungua, sisi wakulima tuliopewa viwanja baada ya vita huketi hapo asubuhi tukinywa chai ya kopo. Desturi yetu ni kumpa mtu jina lililo kinyume chake. Alby Treloar, ambaye huinama kila apitapo mlangoni, ni Kibete. Dinny Scanlan, ambaye hajafunga kinywa tangu meli iliyoturudisha kutoka Ufaransa, ni Bubu. Stan Wragge, mwenye watoto watano na mapafu yaliyounguzwa na gesi ya vita, ni Tajiri. Nami, ninayehubiri Jumapili katika kanisa letu la mabati, ni Mpagani. Siku chache kabla ya asubuhi ninayoisimulia, gazeti lilikuwa limetangaza kwamba nchi yetu na Kanada, makoloni mawili yanayojitawala chini ya Mfalme mmoja, zimekubaliana kupendeleana katika ushuru. Zabibu zetu zimo katika mkataba, machungwa hayamo. Kwa hiyo Tajiri alikuwa ameagiza farasi na mnyororo, ili michungwa yake mia mbili ing'olewe na mahali pake ipandwe mizabibu. Tulikuwa tukimngoja mwenye farasi.

BUBU: Soma tena, Kibete. Polepole, Tajiri ausikie utajiri wake.

KIBETE: Zabibu kavu zetu zitaingia Kanada kwa ushuru mdogo. Nao watatuletea karatasi, samaki wa kopo, viatu vya mpira vya kuvaa juu ya viatu, na... hee! Mikanda ya kubana viuno vya akina mama.

TAJIRI: Viatu vya mpira? Hapa, ambapo mvua ikinyesha tunaipigia makofi?

BUBU: Ndiyo biashara hiyo, mwenzangu. Unampa mtu asichokihitaji, naye anakupa usichokihitaji, Mfalme anafurahi.

MIMI: Yakobo na Labani walikuwa damu moja, na walipatana kwa maneno mazuri. Kila mmoja aliondoka na kondoo wa mwenzake.

KIBETE: Mpagani ameanza. Mwekeeni chai.

TAJIRI: Jamani, mimi nataka kujua jambo moja tu. Hao watu watanunua kweli? Mzabibu nikiupanda leo, ni miaka minne ndipo nione zabibu ya kujaza sanduku. Michungwa inazaa sasa hivi. Mke wangu Elsie aliipanda kwa mikono yake nilipokuwa hospitali.

KIBETE: Watanunua! Wewe unaijua baridi ya kule? Mtu akitema mate, yanaanguka chini yakiwa jiwe. Mkata miti wa Kanada asipokula kilo ya zabibu kwa siku, damu inaganda kabla ya saa sita.

TAJIRI: Na zamani walikuwa wanakula nini?

KIBETE: Walikuwa wanakufa, bwana! Kwa nini unadhani nchi ile kubwa hivyo ina watu wachache?

BUBU: Acha zako, Kibete. Wewe unaongelea kula. Mimi nitakwambia siri. Jirani yao, Marekani, pombe imepigwa marufuku, si ndiyo? Sasa chukua zabibu kavu, loweka kwenye pipa, weka sukari, funika. Baada ya mwezi hiyo si zabibu tena. Mpaka ni mrefu, na polisi wa Marekani wana usingizi. Zabibu za Tajiri zitavuka usiku zikiwa zinaimba!

MIMI: Bubu! Unataka kazi ya mikono ya ndugu yetu iende kulewesha taifa ambalo limejaribu kutubu?

BUBU: Hata Nuhu, alipotoka safinani, alianza na mzabibu.

MIMI: Akaishia uchi hemani mwake, na wanawe wakagawanyika. Usinisomee nusu ya sura.

KIBETE: Basi mimi nitasoma nusu nyingine. Wapelelezi wa Musa walirudi na kichala cha zabibu juu ya mti, watu wawili wamekibeba. Walirudi na chungwa? Hawakurudi.

MIMI: Walirudi na tini na makomamanga pia, na taifa zima likatangatanga jangwani miaka arobaini.

BUBU: Haya yote madogo. Nasikia mpishi wa Mfalme anataka keki ya Krismasi yenye kitu kutoka kila koloni. Kanada watatoa unga, sisi zabibu. Mfalme akiila mara moja, milki nzima itaiga. India peke yake ni watu milioni mia tatu! Tajiri, ukichelewa hutapata hata nafasi melini.

Walicheka, na Tajiri akacheka nao mpaka kikohozi kikamkatisha. Alipopata pumzi alinigeukia.

TAJIRI: Wewe unasemaje, Mpagani? Hawa wanapiga soga. Wewe ndiye unayekijua Kitabu.

Nakiri mbele za Mungu kwamba nilikijua. Niliijua ile sheria ya Musa inayolikataza jeshi, hata likiuzingira mji wa adui, kuuinulia shoka mti wa matunda. Ilikuwa ulimini mwangu. Lakini mimi ni katibu wa chama cha wakulima. Nilikuwa nimelishangilia gazeti hilo tangu lilipofika, na ni jambo tamu kuwa nabii wa habari njema. Nikajibu kwa sauti ya mimbarini:

— Abrahamu aliitwa kutoka Uru, naye akatoka asijue aendako. Imani ndiyo hiyo, Stan.

Tajiri aliinamisha kichwa kama mtu aliyesomewa hukumu na kuikubali.

Hapo gari likafika. Mwenye farasi alikuwa Gus Hentschke, mgeni kwetu, Mjerumani wa makazi ya bondeni, mpole, kofia mkononi. Farasi wake wanne walikuwa wakifuka mvuke, na mnyororo ulijaa nusu ya gari.

HENTSCHKE: Habari za asubuhi, ndugu zangu. Bwana Wragge ni nani? Vizuri. Kwako nitamaliza kesho kutwa. Sasa, nimetoka mbali, na sipendi kurudi nyumbani kisha niitwe tena. Baada yake nianze kwa nani? Nani mwingine anang'oa?

Alimtazama kila mmoja wetu bila hila yoyote, kama mtu aulizaye njia.

Kibete alilitazama gazeti. Bubu alikoroga chai isiyokuwa na sukari. Mimi nilifikiri juu ya mipeasi yangu, safu tatu, jinsi inavyochanua.

TAJIRI: Bubu, wewe una michungwa mia na hamsini.

BUBU: Udongo wangu ni tofauti, mwenzangu.

TAJIRI: Tunatenganishwa na waya, Bubu.

BUBU: Waya unaweza ukapita palepale udongo unapobadilika.

TAJIRI: Kibete?

KIBETE: Mama watoto anapenda malimau. Unamjua.

TAJIRI: Mpagani?

Niliinua kopo langu la chai ninywe; lilikuwa tupu.

TAJIRI: Abrahamu alitoka mwenyewe. Hakumtuma jirani.

Alisema hivyo bila hasira, na ingekuwa heri kwangu kama angekasirika. Kisha akainuka, akapanda gari taratibu, akitafuta pumzi kwenye kila hatua, akaketi kando ya Hentschke.

TAJIRI: Twende, bwana. Pampu yangu ya maji imezama kwenye tope la mto tangu mafuriko. Farasi wako wataivuta. Michungwa tutaipita njiani. Chuma machungwa utakayo, uwapelekee watoto.

HENTSCHKE: Na mizabibu?

TAJIRI: Wakianza hawa, nitakuita.

Gari lilizunguka na kushika njia ya mtoni. Nilitaka kumwita, jina lake halisi lilifika kinywani mwangu. Lakini nilijua kwamba angegeuka, na kwamba angeningoja nijibu.