Siku Niliyompiga Risasi Shifaa

Assalamu alaykum jamani, na wenzangu Wakristo, habari za alasiri. Mwenyekiti wa kikundi chetu kaniambia nije niseme nilivyoanguka kazini nikainuka, nami sijui nianzie wapi, maana hata leo nikiisimulia habari hii mwili wanisisimka. Nyinyi mwazijua kazi za mikono. Hapa kuna wapaka hina, kuna washona kofia, kuna wapika keki za arusi. Mimi nachora watu wa kwenye gemu. Msicheke! Ni kazi kama kazi nyingine.

Gemu yetu tuliitengeneza katika chumba cha kupanga huko Buxton, hapa hapa Mombasa, mimi na wenzangu wachache. Makundi mawili yapigana, na kila mpiganaji ana kazi yake. Kuna pande la mtu lenye ngao, kuna mwembamba anayelenga kutoka mbali, kuna mganga wa kutibu walioumia. Watoto wenu wawajua hao, wako katika kila gemu, nami walikuwa wamenichosha. Nikasema mganga wangu, Shifaa, hatafanana na yeyote aliyewahi kuchorwa. Nguo nyeupe sikumvisha, mkoba wa dawa sikumpa. Nikamfanya mwili wa moshi na vioo, umbo lake labadilika kila akigeuka. Nilimpenda, wallahi. Nilimchora mpaka nikasahau kula.

Siku ya kuijaribu gemu tukaalika vijana wa mtaani waje wacheze. Ndugu zangu, nawaambia, sikuamini macho yangu. Majeruhi wakimwona Shifaa anakuja kuwatibu, watimua mbio! Mmoja alijirusha kutoka juu ya ukuta akafa, kuliko kutibiwa naye. "Hilo dude ni la nani?" akauliza. Nikapandwa na hasira. Nikamwambia, "Hebu niachie kiti nikuonyeshe."

Nikacheza. Nikajeruhiwa, nikajibanza nyuma ya nyumba. Mara kitu kikanijia kwa kasi, chang'aa, hakina mbele wala nyuma. Nikafyatua mpaka kikaanguka, na katika gemu yetu risasi haichagui rafiki. Nilikuwa nimempiga Shifaa. Mimi, niliyemchora!

Kiongozi wetu akasema, kwa upole kabisa, kwamba Shifaa aondolewe, awekwe muuguzi wa kawaida, na huyo hata mtu mwingine aweza kumchora. Nililosikia ni hilo neno la mwisho tu. Nikaenda nyumbani, hapa hapa Mji wa Kale, nikajifungia. Nikishika kalamu nairudisha mezani. Simu za wenzangu sikuzipokea. Niliamini kwamba uchoraji sikuwa nao hata siku moja, nilikuwa najidanganya.

Jioni moja nikatamani hewa. Lakini nikikutana na wenzangu je? Mimi uso huwa siufuniki, ila siku ile nilivaa buibui na nikabu ya dadangu. Mola anisamehe, haikuwa stara ile, ilikuwa kujificha. Nikaenda zangu Mama Ngina, kule ufukweni, nikapita katikati ya wauza mihogo na madafu, na wanawake wa buibui nyeusi wamejaa tele. Nikasema leo hanijui mtu.

Kufumba na kufumbua naitwa jina langu, kwa sauti ya kusikika mji mzima!

Kugeuka, ni dada mmoja wa bara tunayefanya naye kazi, muhogo mkononi. Nikamuuliza, "Umenijuaje, nawe waniona macho tu?"

"Hata macho sikuyaona," akasema. "Nilikuona mgongo. Nani mwingine anatembea hivyo? Unatembea kama mtu amebeba chai moto imejaa mpaka juu. Mbona umetutoroka? Tumekutafuta sana."

Jamani, nililia mpaka nikabu ya watu ikarowa. Kisha nikawatazama wale wanawake. Vazi ni moja, lakini huyu aburura kiatu, yule bega moja latangulia. Nami tangu udogo wangu nikimtambua mamangu kwa mwendo pale Biashara Street, kajifunika gubigubi kati ya wenziwe, nikamkimbilia bila kukosea. Maisha yangu yote nimelijua jambo hili, na kazini sikuwahi kulipeleka!

Nikarudi Buxton, nikamwomba kiongozi anipe nafasi moja. Nikamchora Shifaa mama wa makamo, kajitanda leso, mkoba wa dawa kwapani. Ukimwona tu wajua amekuja kukusaidia. Mwendo nikampa wangu, ule wa chai moto. Tulipojaribu tena nilisimama mlangoni, siwezi kutazama. Nikamsikia yule yule kijana aliyejirusha akipiga kelele, "Mama yuaja! Mngojeni, mama yuaja!" Nikaingia ndani nikatazame mwenyewe.

Namshukuru Mungu. Namshukuru yule dada, simtaji, ataona haya. Namshukuru kiongozi aliyenisikiliza, na nyinyi mlioniacha nikae huko nyuma kimya mpaka nikaweza kusema. Nililojifunza ni hili: usiogope vazi ambalo watu washalizoea. Mwendo wako utaonekana humo humo, na watu watajua pa kukimbilia.

Na nina ombi. Mkiniona tena njiani nimejifunika hata jicho halionekani, nami naenda na chai yangu moto, msiseme huyo hataki watu. Niiteni jina, kwa nguvu, kama alivyoniita yeye.